Jinsi ya kumchagulia mtu muvi ya familia ikamgusa kweli

Kila likizo ya Juni na ya Desemba ikikaribia magrupu ya WhatsApp yanaanza na swali lile lile, "jamani nipeni muvi ya familia, ile ya kuliza kabisa", na majibu yanakuja fasta, mtu anashusha majina kumi na tano hapo hapo bila hata kuuliza anayeomba ni nani, ana umri gani, ataangalia na nani, nyumbani kwao kuna nini saa hizi. Alafu mama wa watu kakaa sebuleni kwake Nkuhungu, hapa Dodoma, na watoto, kaweka muvi aliyoambiwa ni ya familia, ikifika katikati watoto wanaangalia chini na yeye anahangaika kutafuta rimoti. Au kijana ametoka kuzika baba yake anapewa muvi ya baba anayekufa, eti nzuri sana utalia. Atalia kweli, ila siyo kilio alichokuwa anakihitaji.

Kwahiyo huu mwongozo unaanza na mtu, muvi zinafuata. Naongelea muvi za aina mbili ambazo mara nyingi zinakaa pamoja, za familia (baba, mama, ndugu, bibi, nani kamkosea nani) na zile za mtoto anayekua, ambapo stelingi anaanza akiwa mdogo na mpaka inaisha kashajua kitu kuhusu dunia ambacho hawezi tena kukisahau. Ukimpatia mtu ile ya kwake kabisa atakukumbuka miaka.

Hatua ya 1: Jua ana nafasi gani kwenye familia yake

Hapa ndo pa kutumia muda mrefu kuliko kote. Usimuulize "unapenda muvi gani" mana atakwambia tu za kusisimua, muulize vitu vya kawaida kabisa: kwenu we ni wa ngapi? Nani alikulea? Mzee yupo? Shule ulisoma bweni au kutwa? Hapa Dodoma majibu ya hayo maswali yana uzito wake. Kuna watumishi walihamia huku tangu serikali ilipoanza kuhama 2016, mtu ofisi yake iko Mtumba, kwenye mji wa serikali, mke na watoto wamebaki Dar, treni ya SGR imesaidia sana tangu ilipoanza kufika huku 2024 lakini Jumapili jioni bado kuna mtoto analia getini baba anaondoka. Kuna wanafunzi pale UDOM ambao kwao ni mbali, nauli ya kurudi kila likizo hakuna. Kuna waliolelewa na bibi Bahi au Chamwino wakati mama yuko mjini anatafuta. Kuna mtoto wa kwanza anayesomesha wadogo zake wanne na hajawahi kuulizwa kama amechoka.

Mtu anaguswa na yule wa kwenye muvi mwenye mzigo kama wa kwake, hata kama wa kwenye muvi ni Mkorea au Muirani. Hiyo ndo siri yote. Mtoto wa kwanza mpe Children of Heaven, ya Iran, ya Majid Majidi, 1997. Kaka anaitwa Ali, kapeleka viatu vya mdogo wake Zahra kwa fundi, njiani vinapotea, nyumbani hela hakuna na baba akijua itakuwa balaa, basi wanakubaliana wavae pea moja ya raba za Ali kwa zamu, Zahra anaingia shule asubuhi, akitoka anakimbia vichochoroni kumkabidhi kaka yake anayeingia mchana. Sisi tuliosoma shule za zamu mbili tunaijua hiyo saa sita mchana vizuri sana. Hakuna bunduki, hakuna anayekufa, ni viatu tu, na we unakaa roho juu saa nzima na nusu. Ilikuwa muvi ya kwanza ya Iran kuteuliwa kugombea Oscar, ila hilo mtu wako halimhusu, linalomhusu ni kwamba ataona mtoto anayebeba siri ya umaskini wa nyumbani ili wazazi wasiumie, na kama na yeye aliibeba ataijua palepale.

Aliyekulia kijijini huku kwetu, kwenye mvua za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili na wakati mwingine hazifiki hata huko, huyo mpe The Boy Who Harnessed the Wind ya 2019. Imetengenezwa na Chiwetel Ejiofor na yeye mwenyewe anacheza kama baba, ni stori ya kweli ya William Kamkwamba wa Malawi, miaka ya njaa ile ya 2001 na 2002, dogo wa miaka 14 anatolewa shule kwa kukosa ada, anaingia maktaba kisirisiri, anasoma kitabu cha umeme akapata wazo la kutumia upepo kuvuta maji. Watu wengi wakiisifia wanasifia huo mtambo. Mi nasema moyo wa hiyo muvi uko kwa baba, mkulima anayehesabu mahindi yaliyobaki, anayetangazia familia kuwa kuanzia leo tunakula mara moja kwa siku na watoto wachague wale saa ngapi, na ambaye baiskeli yake ndo kitu pekee cha thamani kilichobaki. Mzee wa Kigogo akiangalia hapo hahitaji maelezo, wazee wa Ugogo wameachiwa hadithi za njaa ya Mtunya, ile ya 1917 mpaka 1920, na nyingine nyingi zilizofuata. Angalia na mzazi wako aliyelima, alafu tulia, atakusimulia vitu ambavyo hajawahi kukusimulia.

Mzazi mwenye mtoto "mzito darasani" mpe Taare Zameen Par, ya India, 2007, Aamir Khan kaiongoza na kacheza mwalimu wa sanaa. Dogo anaitwa Ishaan, herufi zinamchezea machoni, kila mtu anasema mvivu, kaka yake anafanya vizuri basi kila siku analinganishwa, mwisho wanampeleka bweni. Kuna kipande pale wazazi wanamuacha shuleni wanaondoka na gari. Aliyewahi kuachwa bweni akiwa mdogo hapo hatoki salama, na wazazi waliopeleka watoto bweni darasa la tatu nawaomba sana muiangalie.

Na wale wa baba yuko mbali? The Pursuit of Happyness ya 2006, Will Smith na mtoto wake wa kweli Jaden, baba anahangaika San Francisco na mtoto wa kiume bila pa kulala. Hii mpe baba mwenyewe, siyo mtoto. Mtoto ataona shida tu, baba ndo atajiona.

Hatua ya 2: Uliza kidonda kiko wapi, alafu usikiguse kabla ya wakati

Watu wanaogopa kuuliza hii na ndo inayoharibu. Kabla hujamtumia mtu muvi ya familia jiulize mwaka huu yamempata nini. Kafiwa? Ndoa imevunjika? Ana mgonjwa ndani? Mtoto amefeli? Kama hujui muulize mtu wake wa karibu, au muulize mwenyewe kistaarabu, "dada, kuna kitu hutaki kukiona kwa sasa?" Swali dogo tu hilo.

Mfano mzuri ni Supa Modo ya Kenya, 2018, ya Likarion Wainaina, na mi kwangu hii iko juu kuliko karibu zote nilizozitaja. Ni dakika 74 tu. Kabinti ka miaka 9, Jo, anaumwa ugonjwa usiopona, mama yake anamtoa hospitali amrudishe nyumbani kijijini akae naye siku zilizobaki, na Jo ndoto yake ni kuwa shujaa kama wa kwenye muvi, anayeruka angani. Dada yake anakataa kukaa ndani kusubiri msiba, anakiunganisha kijiji kizima wamfanye Jo aamini ana nguvu, na baadae wamtengenezee muvi yake mwenyewe. Humo ndani kuna jamaa wa banda la video, kuna mama anayemficha mtoto kwa sababu ya hofu na dada anayetaka mtoto aishi, na wote wawili wana haki, hapo ndo uzuri wake, hakuna adui. Kiswahili chao utakielewa, kuna na Kikuyu kidogo.

Sasa hiyo huwezi kumpa mama anayemuuguza mtoto bila kumwambia. Watu wanasema usitoe siri za muvi na mi nakubali, lakini kifo siyo siri ya kumfichia mtu mwenye mgonjwa. Mwambie wazi: "Mama, ni nzuri sana, ila kuna mtoto anaumwa humo na haponi, ukiona siyo wakati wake iache nitakupa nyingine." Atachagua mwenyewe. Wengine wanaitaka hiyo hiyo, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeongelea wanachopitia.

Kwa mfiwa mpya mi nangoja. Angalau arobaini ipite, na hata baada ya hapo naanza na muvi ambayo familia inagombana na kupatana, siyo ya msiba.

Kuna hii nyingine watu hawaifikirii kabisa, matokeo ya mtihani. Januari matokeo ya kidato cha nne yakitoka na dogo hajafanya vizuri, kila shangazi anamtumia muvi ya mtu aliyeshinda, "angalia uone wenzio walivyotoka mbali". Queen of Katwe ni muvi nzuri mno, ya 2016, ya Mira Nair, binti wa Kampala anayeuza mahindi, Phiona Mutesi, anajifunza chesi mpaka anafika mashindano ya dunia, Lupita Nyong'o kacheza mama yake na kacheza kweli kweli. Lakini kwa dogo ambaye juzi tu amefungua matokeo akakuta hajafika anapotaka, hiyo inamwambia we peke yako ndo umeshindwa. Mpe mwezi wa nne au wa tano akishapanga chuo au kurudia. Wiki ile ya matokeo mpe ile ya viatu, au usimpe kitu, mpikie tu chai ukae naye. Queen of Katwe kwa wakati huo mpe mama yake, mana humo kuna mama mjane anayeogopa mtoto kuota ndoto kubwa asije akavunjika moyo, na kuna dada mkubwa anayefuata mwanaume wa pikipiki, kwahiyo mama atapata cha kufikiria kabla hajafungua mdomo kumsema mtu.

Hatua ya 3: Sebuleni atakuwepo nani

Muvi ya kuangalia peke yako hostel na laptopu kifuani na muvi ya kuangalia na baba mkwe ni vitu viwili tofauti kabisa. Uliza: mtaangalia wangapi, na nani? Kama kuna mkwe, kama kuna baba na mabinti wakubwa, kama kuna shehe au mchungaji kaja kusalimia, basi wewe unayependekeza lazima uwe umeiangalia yote mpaka mwisho, usitegemee trela.

CODA kwa mfano, ilichukua Oscar ya muvi bora 2022, binti Ruby ndo pekee anayesikia kwenye familia ya viziwi wavuvi, yeye ndo mkalimani wao kila mahali na anataka kwenda kusoma muziki ambao wazazi wake hawawezi kuusikia. Inagusa sana, kuna kipande baba yake anataka "kuisikia" sauti ya bintiye kwa mikono, we acha. Ila wazazi wa Ruby wana mambo yao ya chumbani na utani wa wazi sana, ukiweka hiyo mbele ya mama mkwe utatamani ardhi ipasuke. Kwahiyo CODA ni ya wewe na mwenzio, au wewe na dada zako.

Na katuni jamani. Siyo kila katuni ni ya watoto. Grave of the Fireflies ya Japani, 1988, kaka na mdogo wake wa kike wakati wa vita, miezi ya mwisho ya Vita ya Pili ya Dunia, ni katuni na ni moja ya muvi nzito zaidi utakazoziona maishani, ukimuwekea mtoto wa miaka sita ukaenda kuosha vyombo utarudi umkute na maswali ambayo hujajiandaa nayo. Kwa watoto wadogo na babu na bibi pamoja, Coco ya 2017 inatosha, stori yake iko Mexico, mtoto anayetaka muziki kwenye ukoo uliokataa muziki, na jinsi tunavyowakumbuka waliotangulia. Bibi yako ataielewa haraka kuliko wewe. Nyumba nyingine hawatapenda mambo ya wafu kutembea, hilo nalo uliza.

Za hapa nyumbani, zile za marehemu Kanumba na wale watoto wawili, Patrick na Jennifer, kama Uncle JJ, bado zinaweza kukusanya sebule nzima kuanzia mtoto mpaka bibi, na zina faida ya kwamba hakuna anayeuliza "kasemaje?". Binti ya 2021, ya Seko Shamte, ambayo iliingia Netflix, ni ya wanawake wanne wa Dar na mambo ya ndani ya nyumba, hiyo ni ya watu wazima, hasa wanawake waangalie pamoja. Bodi ya Filamu inapanga madaraja ya umri kwa muvi zetu, angalia hilo daraja kabla hujaweka, lipo kwa sababu.

Hatua ya 4: Ipime muvi yenyewe

Kuna muvi inayokuliza kwa haki na kuna inayokubana tu koo. Namna ya kujua: angalia dakika ishirini za mwanzo. Je, umewajua hawa watu wakiwa na raha? Umeona wanachekeana, wanakula, wanagombania kitanda? Kama shida imeanza dakika ya tatu, muziki wa huzuni umepigwa toka mwanzo na kila mtu analia ila we bado hata jina lake hujalishika, hiyo inatafuta machozi ya haraka. Nzuri inakupa kwanza sababu ya kumpenda mtu.

Pili angalia kama mbaya wa kwenye muvi ana sababu. Kwenye maisha ya familia mara chache sana mtu anakuumiza kwa sababu ni shetani, anakuumiza kwa sababu anaogopa, au amechoka, au na yeye aliumizwa. Dangal ya 2016, Aamir Khan tena, baba anayewafundisha mabinti zake mieleka kule Haryana, yule baba ni mkali mpaka unamkasirikia, anawanyoa watoto nywele, lakini wakati huo huo unaona kijiji kizima kinachowangoja wasichana wafike umri waolewe na yeye anakataa. Wanaume wengi hubisha baada ya hiyo muvi, kama alikuwa sahihi au alikuwa anatimiza ndoto yake kupitia watoto, na ubishi huo ndo unaonyesha muvi imekaa vizuri. Geeta Phogat wa kweli alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola 2010.

Miracle in Cell No. 7 watu wanaitaja kila mahali, ile ya Uturuki ya 2019 iliyotokana na ya Korea ya 2013, baba mwenye akili kama ya mtoto anasingiziwa kuua binti wa mwanajeshi mkubwa na kamtoto kake Ova kanataka kumuona. Itamliza yeyote, hilo halina mjadala. Ila mi naiweka nyuma ya Supa Modo, mana hii imepangwa kila dakika ikukamue, wakati ile inakuachia nafasi ya kucheka, na ukicheka na mtoto kwanza ndo unaumia zaidi baadae.

Hatua ya 5: Lugha

Muvi zilizotafsiriwa nazipenda, tumekua nazo, watafsiri kama akina Lufufu walifanya kazi kubwa ya kuwaletea wazazi wetu dunia kwenye mabanda. Ila kwa muvi za familia nashauri tafuta isiyotafsiriwa kama inawezekana, kwa sababu ngumi zinavumilia maneno juu yake lakini ukimya hauvumilii. Kuna sehemu baba na mtoto wamekaa tu hawaongei, wote wanajua kilichotokea, na mtafsiri akiongea pale, hata akiongea vizuri, kile kimya kimekufa.

Kwa mzee asiyesoma maandishi ya chini kaa pembeni yake, mwambie mwanzo nani ni nani, "bibi, huyu ndo mtoto mkubwa, yule mama yake, baba kaenda kutafuta kazi", alafu nyamaza, mfafanulie pale tu panapogeuka. Utashangaa anaelewa kiasi gani kwa nyuso. Children of Heaven bibi anaweza kuielewa karibu yote hata ukizima sauti. Kijana anayefurahia lugha yetu mpe Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021, imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ambayo waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita wanaijua, Yasmin anayekimbia ndoa aliyochaguliwa, Zanzibar ya miaka ya 50 wakati wa ukoloni. Ndo ilikuwa muvi ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa tamasha la Toronto. Inakwenda taratibu, picha zake nzuri mno, usimpe mtu anayetaka mbio.

Hatua ya 6: Kopi, muda na umeme

Hii fupi. Zilizoko Netflix ukiwa na bando angalia huko, zingine zinapitaga kwenye ving'amuzi, na wengi tunachukua kwenye flashi pale mjini. Ukienda kwenye zile laibrari za muvi andika jina na mwaka kwenye karatasi, mana ukisema tu "kaka, niwekee ile ya gereza, ya namba saba" unaweza kupewa ya Korea au ya Uturuki au nyingine kabisa. Fungua hapo hapo uone kama picha na sauti vinaenda sawa na kama maandishi ya chini yapo. Za Bongo nunua halali jamani, hawa watu wanaishi kwa hiyo kazi.

Angalia urefu. Kabhi Khushi Kabhie Gham ya 2001 ni saa tatu na nusu, baba anamkana mtoto aliyemlea kisa kaoa asiyemtaka, wahindi wana sehemu ya mapumziko katikati kwahiyo igawe siku mbili hapo hapo. Usianze muvi nzito saa nne usiku mtu anawahi daladala asubuhi. Jumamosi jioni baada ya chakula, hasa Juni na Julai baridi na upepo vikiwa vimeshika na kila mtu yuko ndani na blanketi, ndo wakati wake.

Hatua ya 7: Namna ya kuisema

Usitume jina tupu na emoji za kulia. Tuma sentensi tatu: ni ya nani, anataka nini, kinachomzuia ni nini. Alafu sentensi moja kwa nini umemfikiria yeye, na tahadhari kama ipo. Kitu kama hiki:

"Shikamoo baba mdogo. Kuna muvi ya kihindi inaitwa Baghban, ya Amitabh Bachchan, mzee kastaafu benki, watoto wanne wameshindwa kuwachukua yeye na mkewe pamoja, wanawagawana, baba huku mama kule. Nimeikumbuka kwa jinsi wewe na mama mdogo mnavyokaa. Hakuna mambo ya aibu, mnaweza kuangalia na wajukuu."

Hapo umemaliza, hujamwambia inaishaje. Lakini angalia sana nani anamtumia nani. Baghban, ya 2003, akiipeleka mpwa kwa wazee ni zawadi. Baba akiituma kwenye grupu la familia kwa watoto wake ni lawama na wote watajua. Mtoto mmoja akiituma kwa ndugu zake wakati kuna mgogoro wa nani akae na mama, hiyo ni vita umewasha. Muvi za familia zinabeba ujumbe hata kama hukuutia, kwahiyo kama una jambo la kumwambia ndugu yako mpigie simu, usimtumie Amitabh akusemee.

Na usimwambie mtu "lazima utalie". Unamfanya ajipime. Kuna wanaume wameguswa mpaka mfupa na hawajatoa hata chozi moja, wamesimama tu wakaenda nje kuangalia kama geti limefungwa.

Hatua ya 8: Baada ya muvi

Ikiisha usiwashe taa haraka na usiulize "umeionaje?". Acha majina yapite. Mwenye la kusema atasema. Kama kuna vijana ndani na muvi imegusa jambo zito, ongea nao kesho yake, wakati mnafanya kazi nyingine. Capernaum ya Lebanon, 2018, ya Nadine Labaki, mtoto Zain anayewashtaki wazazi wake mahakamani kwa kumzaa, na dada yake anaozeshwa akiwa na miaka 11, hiyo ukiangalia na mabinti wa sekondari lazima maongezi yaje. Waambie basi kwamba hata kwetu jambo hili lilifika mahakamani, Rebeca Gyumi, aliyezaliwa hapa hapa Dodoma, alipinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, akashinda Mahakama Kuu 2016 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019. Hapo muvi ya Beirut imekuwa mambo ya mtaani kwao. (Ina matusi na ukali, chini ya miaka 15 hapana.)

Alafu sikiliza atamtaja nani kwanza, mana huyo ndo atakuonyesha muvi inayofuata. Akisema "yule bibi bwana", mpe Minari, familia ya Wakorea wamehamia shamba Arkansas miaka ya 80, baba anachimba kisima anatafuta maji ya kulimia na bibi mkorofi analetwa kulea mjukuu anayemwambia we siyo bibi wa kweli, Youn Yuh-jung alichukua Oscar kwa huyo bibi na mkulima yeyote wa Hombolo atamuelewa yule baba. Akimtaja mtoto aliyepotea au kutenganishwa, mpe Lion ya 2016. Na akikwambia hakuna kilichomliza ila anaendelea tu kuwafikiria wale watu kama majirani, huyo mpe Boyhood, walimrekodi mtoto yule yule kwa miaka 12 mpaka anaingia chuo, wazazi wameachana, hakuna tukio kubwa, ni karibu saa tatu za watu wanakua na kuzeeka mbele yako. Wengi watasema haina stori. Huyu hatasema hivyo.